Kutu ya Trela Huanzia Chini ya Rangi

Askari wa majini huitunza boti yake kama mboni ya jicho. Lakini trela inayoifikisha boti hiyo ukingoni mwa ziwa huachwa uani ikinyeshewa mvua, mpaka siku inapohitajiwa.

Katika kikosi kimoja kando ya Ziwa Viktoria niliwahi kushuhudia wito wa kuwaokoa wavuvi ukifika alfajiri. Trela ilikuwa imepakwa rangi mwezi uliotangulia, nyeusi ya kung'aa. Ilipofika kwenye mteremko, kishikizo cha springi kilikatika na boti ikalala ubavu. Tulipomulika kwa tochi tuliona kwamba chini ya rangi ile nzuri chuma kilikuwa kimegeuka unga mwekundu. Wavuvi waliokolewa na wenzao wenye mitumbwi. Sisi tulibaki nchi kavu.

Wako wasemao kuwa kutu ni shida ya pwani tu. Kweli, chumvi huiharakisha sana. Lakini chuma hakihitaji chumvi ili kioze. Maji na hewa vinatosha, na trela hupata vyote viwili kila inapozamishwa na kutolewa.

Hivyo kazi kubwa hutangulia kopo la rangi kufunguliwa. Kwanza trela ioshwe kwa sabuni na grisi iondolewe kabisa, kwa maana brashi ya waya ikitangulia huisambaza grisi hiyo kila mahali. Kisha chuma kisuguliwe kwa brashi na msasa mpaka king'ae, kipanguswe vumbi, na rangi ya msingi ipakwe siku hiyo hiyo. Chuma kilichoachwa wazi usiku kucha kando ya ziwa hupata umande, na umande huanzisha kutu upya. Ikiwa rangi ya zamani yadhaniwa kuwa na risasi, isisuguliwe ikiwa kavu, kwani vumbi lake ni sumu.

Rangi ya msingi iliyo bora ni ile yenye unga mwingi wa zinki. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alieleza jinsi zinki iliyogusana na shaba ya matumbo ya merikebu inavyoliwa na maji ya bahari badala ya shaba. Chuma nacho hulindwa vivyo hivyo, ila sharti zinki ikiguse chuma chenyewe. Ikipakwa juu ya kutu au rangi kuukuu haina kazi. Juu yake ndipo hufuata rangi ya kuzuia maji, baada ya muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo.

Penye ncha kali na penye maungio ya kuchomelea, rangi hukimbia na kubaki nyembamba. Sehemu hizo zipakwe kwanza kwa brashi, peke yake, ndipo trela nzima ifuate. Mabomba yenye uwazi nayo huoza kutoka ndani, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Yawe na matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yasizibwe kwa rangi.

Kuhusu magurudumu, rangi haisaidii. Beringi iliyopata moto barabarani ikizamishwa ghafla, hewa iliyo ndani hupoa na kunywea, na maji huvutwa kuingia kwenye grisi. Dereva asubiri kitovu cha gurudumu kipoe kabla ya kurudi nyuma majini, hata kama kamanda anapiga kelele.