Nyama karanga, lakini karanga ziko wapi?

Wiki jana nilimpeleka beshte yangu wa kutoka Tanga kwa kibanda kimoja hapa Githurai. Akaona "nyama karanga" imeandikwa ukutani, akaagiza haraka. Sahani ilipofika alikoroga mchuzi, akainama kuuchungulia, kisha akauliza kwa adabu zake zote: "Samahani mama, karanga ziko wapi?"

Meza nzima ilicheka. Kwao karanga ni njugu, bas.

Lakini wewe unayecheka, unajua karanga ya kwetu ilitoka wapi?

Mimi nililelewa na Shosho. Akisema "karanga mayai", mimi na Kiswahili changu cha kitabu namrekebisha: "Shosho, ni kaanga!" Shuleni, ukitamka hivyo, darasa zima lingekucheka hadi kengele. Nikakua nikiamini kaanga ndilo neno, na karanga ni kaanga iliyovunjikia njiani ikipanda mlima.

Kumbe ni kinyume. Itazame hiyo "aa" ya kaanga. Katikati yake palikuwa na sauti: kalanga. Kiswahili kina tabia ya kuiangusha l ya zamani ikiwa kati ya vokali. Kiswahili ni njaa, Kiganda ni enjala. Kiswahili ni makaa, Kikuyu ni makara. Kukaa? Gũikara. Kikuyu kiliigeuza l hiyo ikawa r, lakini hakikuitupa. Kwa hivyo Shosho hakuwa anaharibu neno la mtu. Gũkaranga ni Kikuyu safi, na kimeweka kile Kiswahili kilipoteza.

Na beshte wa Tanga? Njugu zake pia zimo. Wanaofuatilia asili ya maneno huliweka jina karanga kwa ukoo huo huo: njugu karanga, yaani za kukaangwa, si njugu mawe.

Halafu usidhani kukaanga lazima mafuta. Bisi hukaangwa, buni hukaangwa, njugu hukaangwa kwa sufuria kavu. Ni kukausha kitu kwa moto, mafuta yawepo yasiwepo.

Jioni hiyo nilimpigia Shosho nikamweleza haya yote. Akauliza kama ndiyo nilisoma chuoni kabla niache. Nikamwambia hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nije Jumamosi, atanikarangia mayai.