Kila Mtoto na Mwendo Wake: Utangulizi

Huenda wewe ni mwanachuo wa ualimu, mzazi unayemtafutia mwanao shule, au mwalimu wa miaka mingi uliyechoka kukimbizana na silabasi. Uwanja unaouingia unahusu shule ndogo za msingi ambamo mtoto hujifunza kwa kutenda, hutoka nje mara kwa mara kwenda kuchunguza mimea, wadudu na udongo, na huenda kwa mwendo wake mwenyewe badala ya kuburutwa na mwendo wa darasa zima. Uwanja huu una historia ya zaidi ya miaka mia mbili, una ushahidi wake, na una ugomvi wake pia. Kwetu, bahati mbaya, umeshikamana na sura moja tu: shule binafsi ya ada kubwa, nyasi zimefyekwa vizuri, watoto wachache na walimu wengi. Naomba tuiondoe sura hiyo mapema, kwa sababu inawafanya walimu wa shule za kawaida waamini kwamba mambo haya hayawahusu. Baadhi ya shule zilizotupa ushahidi mzito zaidi ni za watoto wa wakulima maskini.

Tatizo linalotukutanisha hapa ni la kila siku. Shule tuliyoizoea imesimama juu ya dhana kwamba watoto waliozaliwa mwaka mmoja watafika ukurasa mmoja siku moja. Azimio la kazi linasema wiki ya tatu ni kujumlisha, wiki ya nne ni kutoa. Mtoto aliyelala na malaria wiki ya tatu anarudi na kukuta wenzake wako kwenye kutoa, na hakuna siku iliyopangwa ya kumrudishia alichokikosa. Aliyeelewa kujumlisha siku ya kwanza naye anakaa siku nne akisubiri. Mwalimu anayaona yote hayo, lakini akija kukaguliwa huulizwa zaidi amefika mada gani kuliko anavyoulizwa nani ameelewa. Watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajifunza, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania, Kenya na Uganda, zaidi ya miaka kumi iliyopita, walikuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na wengine waliofika darasa la saba bila kuimudu. Mwaka 2012 Lant Pritchett na Amanda Beatty walionyesha jinsi mtaala unaokimbia kuwazidi watoto unavyowaacha wengi wao nyuma moja kwa moja, na kwamba kupunguza mwendo wake kunaweza kuongeza kile ambacho watoto wanakipata. Atakayeuelewa utafiti huo ataelewa kwa nini swali la mwendo lina uzito kuliko maswali mengine yote ya uwanja huu.

Historia yake nitaipitia haraka. Jean-Jacques Rousseau aliandika Émile mwaka 1762, lakini hakuwahi kuendesha shule. Aliyeendesha ni Mswisi Johann Heinrich Pestalozzi, ambaye shule yake ya Yverdon ilidumu kutoka 1805 hadi 1825. Kutoka huko tuna kumbukumbu ya mwanafunzi wake mmoja: watoto walipelekwa kwenye bonde lililo jirani, wakalitazama kwa makini, wakarudi na udongo wa mfinyanzi, wakalifinyanga bonde lote juu ya meza. Ramani ya karatasi waliionyeshwa baadaye, walipokuwa tayari wanaweza kuisoma. Friedrich Froebel alikaa Yverdon miaka miwili kabla ya kuanzisha, mwaka 1837, shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, ambako kila mtoto alipewa tuta lake la kulima. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za namna hiyo mwaka 1851 na haikuzifungulia tena mpaka 1860. Elimu inayomwamini mtoto imewatia hofu watawala zaidi ya mara moja.

Kwa Maria Montessori hatuna budi kusimama. Alikuwa daktari wa tiba, na Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Watu humsifu kwa kuwapa watoto uhuru. Mimi naona mchango wake mkubwa uko kwenye vifaa. Chukua kipande cha ubao chenye matundu kumi, na vigingi kumi vya mviringo vyenye unene tofauti, kila kimoja na tundu lake. Mtoto akikiweka kigingi chembamba kwenye tundu pana, hakuna anayemkemea. Anaendelea, mpaka mwishoni anabaki na kigingi kimoja ambacho hakiingii popote. Kifaa kimemwambia kwamba amekosea, na kimemwachia nafasi ya kutafuta mwenyewe alikosea wapi. Wakati huohuo mwalimu yuko na mtoto mwingine. Hilo ndilo linalowezesha watoto arobaini kuwa mahali arobaini tofauti bila vurugu: kosa lionekane kwa mtoto mwenyewe, bila kungoja kalamu nyekundu.

Mfaransa Célestin Freinet alifika hapohapo kwa njia ya maumivu. Alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la mapafu, na mwaka 1920 alipopangiwa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup hakuwa na pumzi ya kuhutubia darasa kutwa nzima. Akawatoa watoto kwenda kuwatazama mafundi na mashamba. Waliporudi waliandika walichokiona, kisha wakayapiga chapa maandishi yao kwa mashine ndogo aliyoinunua. Baadaye aliongeza kadi za mazoezi na za majibu yake, ili mtoto ajisahihishe, na mpango wa kazi wa wiki ambao mtoto aliujaza mwenyewe Jumatatu.

Hata hivyo, mfano ninaopenda kila mwanafunzi wangu auanzie uko Kolombia. Katikati ya miaka ya 1970 Vicky Colbert, mwalimu wa kijijini Óscar Mogollón na Beryl Levinger walianzisha mfumo uitwao Escuela Nueva kwa ajili ya shule ambazo mwalimu mmoja au wawili walibeba madarasa matano. Badala ya kungojea walimu ambao wasingekuja, waliandika miongozo ya kujifunzia. Mwongozo unamsemesha mtoto: unamuuliza anachokijua tayari, unampa jambo la kufanya na wenzake, unampa zoezi la peke yake, kisha unamtuma nyumbani akalitumie alilojifunza pamoja na wazazi. Watoto hukaa vikundi vidogo kuzunguka meza. Kona za darasa zina mbegu, udongo, zana na vitu vilivyoletwa na wanakijiji. Ukutani kuna ramani ya kijiji iliyochorwa na watoto, na kalenda ya kilimo inayoonyesha miezi ya kupanda na ya kuvuna.

Kalenda hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Katika maeneo ya kahawa, msimu wa mavuno mtoto huitwa shambani. Katika shule ya kawaida, majuma matatu ya kukosekana yanaweza kumkaririsha darasa, na aliyekariri mara mbili huacha shule. Katika Escuela Nueva mtoto anarudi, anafungua mwongozo pale alipoishia, anaendelea. Kuvuka darasa hakufungwi na mwisho wa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliueneza mfumo huu kwa shule za vijijini nchi nzima, na ukafika shule zaidi ya 20,000. Utafiti wa UNESCO wa Amerika ya Kilatini uliotolewa 1998 ulikuta kwamba watoto wa vijijini wa Kolombia waliwazidi wa mijini, ukiacha majiji makubwa. Lakini mfumo ulipoenezwa kwa haraka, baadhi ya shule zilipokea vitabu bila walimu kuandaliwa, na huko ulilegea. Kusini mwa India, kituo cha elimu cha Rishi Valley kilibuni njia inayokaribiana na hiyo kwa shule ndogo za vijiji vinavyokizunguka: ngazi kubwa ya hatua za somo ikiwa ukutani, na kadi zenye alama za picha ambazo mtoto huzifuata hatua kwa hatua. Jimbo la Tamil Nadu liliichukua njia hiyo kwa shule zake za serikali.

Sasa nije kwenye mazingira. Mshairi wa India Rabindranath Tagore aliwafundisha watoto chini ya miti huko Santiniketan, Bengali, kuanzia 1901. Montessori, aliyezuiwa India wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu alikuwa raia wa Italia, alikaa kwenye vilima vya Kodaikanal, na ndiko kazi yake na watoto wa umri wa shule ya msingi juu ya mimea, viumbe na historia ya dunia ilikokomaa. Kukaa chini ya mti peke yake hakufundishi kitu, kwa sababu mwalimu anaweza kuhutubia chini ya mwembe kama anavyohutubia ndani. Mazingira yanakuwa somo pale yanapompa mtoto swali ambalo kitabu hakina jibu lake.

Mfano wake ni fimbo. Ichomeke wima kwenye uwanja wa shule jijini Dar es Salaam, na uwape watoto kazi ya kupima kivuli chake saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, mara moja kila wiki, mwaka mzima. Wadogo watapima kwa hatua na vijiti, wakubwa kwa rula na jedwali, wakubwa zaidi watachora grafu. Vitabu vingi vya kutoka Ulaya vitawaambia kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Wao wataona kwamba mwezi Juni kinaelekea kusini, Desemba kinaelekea kaskazini, na kwamba karibu na tarehe 10 Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, kuna adhuhuri ambayo fimbo karibu haina kivuli kabisa. Mtoto aliyeyapima hayo kwa mikono yake ameshika jiografia, hesabu na uandishi wa kumbukumbu kwa pamoja, na gharama yake ni fimbo.

Mwafrika hahitaji kuambiwa kwamba haya ni mageni. Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagikuyu, na Otto Raum katika utafiti wake wa 1940 juu ya utoto wa Wachagga, waliandika kwa kirefu jinsi watoto walivyojifunza mimea, mifugo na ardhi kwa kushiriki kazi za wakubwa, kila mmoja kwa kadiri alivyoweza. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka shule iwe pia shamba, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Mahali pengi shamba lilibaki, kupanga kukaachwa: watoto wakalima bila kupima, bila kuandika, bila kuuliza kwa nini safu hii imestawi na ile imenyauka, na jembe likageuka adhabu ya wachelewaji. Hasara hiyo bado inatugharimu, maana mzazi akisikia habari za mazingira shuleni anafikiri mwanawe anakwenda kutumikishwa. Hata hivyo, njia nyingine ipo: mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianzisha mtandao wa Roots & Shoots hapohapo Dar es Salaam, na wanafunzi 12 tu waliokuwa na maswali kuhusu waliyoyaona kwenye mazingira yao. Kenya nayo, ikihamia mtaala unaozingatia umilisi, yaani kile ambacho mtoto anaweza kukitenda, ilifanya mwaka 2023 mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi.

Wapinzani wa uwanja huu wasomwe kwa heshima. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika 2006 kwamba anayeanza kujifunza jambo jipya akiachwa agundue mwenyewe bila kuelekezwa huchoka na hupata kidogo. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye vigingi, kadi na miongozo. Michele Schweisfurth alipitia mwaka 2011 makala nyingi za utafiti kutoka nchi zinazoendelea, akakuta kwamba mageuzi ya kumlenga mwanafunzi yalishindwa mara nyingi. Frances Vavrus, aliyefanya utafiti wake katika chuo cha ualimu mkoani Kilimanjaro, alionyesha kwamba mwalimu wa Tanzania anabanwa na mitihani, uhaba wa vitabu na wingi wa wanafunzi, hivyo mbinu za kigeni lazima zipimwe kwa hali yake. Kumtupia mwalimu mwenye watoto mia moja neno "shirikishi" na kuondoka ni kumwonea.

Kwa hiyo ukitembelea shule inayojisifu kwamba inamfuata mtoto, usitazame bustani kwanza. Mwulize mtoto mmoja anafanya nini, kwa nini anafanya hicho, na atajuaje akikosea. Mwulize mwalimu akuonyeshe kumbukumbu ya mtoto aliyekosekana mwezi uliopita, na pale alipoanzia aliporudi. Shule isiyoweza kujibu maswali hayo haijaanza kazi, hata iwe na msitu mzima.

Ombi langu la mwisho ni kwa maofisa elimu wa Tanzania. Mwaka 2021 serikali ilitenga fedha za kujenga madarasa 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo za vitongojini zinazowaokoa watoto wadogo na safari ndefu. Zina watoto wa rika mbalimbali, zina walimu wachache, na zimezungukwa na mashamba na mapori. Msiwalazimishe walimu wake kuiga shule kubwa kwa nguvu wasizokuwa nazo. Wapeni miongozo na kadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ambazo mtoto anaweza kuzifuata mwenyewe, wafundisheni kuzitumia kabla hamjazisambaza, na muwape ruhusa iliyoandikwa ya kuwatoa watoto nje wakati wa kipindi.