Je, Wajua? Linki Sugu Ndani ya Excel

Njiro, jijini Arusha, ndiko kiliko Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, na taasisi ya uongozi ya ESAMI iko huko huko. Wanaoshinda na mahesabu huko wanaujua ujumbe huu wa Excel: faili lina linki za nje, je, zisasishwe?

Je, wajua kuwa kuhamisha shiti moja tu kwenda faili jingine kunatosha kuleta linki? Fomula zake huja nazo, na zinaendelea kusoma faili la zamani.

Je, wajua kuwa linki hujitaja yenyewe? Faili chanzo likiwa limefungwa, fomula huonyesha njia nzima: 'D:\Safari\[Bei2023.xlsx]Viingilio'!B4. Bonyeza Ctrl+F, andika [ kisha tafuta faili zima, ndani ya fomula.

Usipopata kitu, usidhani umemaliza. Bonyeza Ctrl+F3 uone majina yaliyopewa seli. Mimi ningeanzia hapo. Kisha kagua chati, vitufe vya makro, orodha za kuchagua na rangi zinazobadilika kwa masharti. Hizo mbili za mwisho ndizo sugu: mara nyingi Break Link, amri ya kukata linki, haizigusi.

Je, wajua kuwa Break Link haina kurudi nyuma? Fomula zinageuka tarakimu kavu na Ctrl+Z haikuokoi. Weka nakala kwanza. Kitufe kikiwa kimefifia, angalia kama kuna shiti iliyofungwa isihaririwe.

Je, wajua kuwa faili la xlsx, lililoanza na Excel 2007, ni furushi la zip? Chukua nakala, badilisha .xlsx iwe .zip, ulifungue. Ndani ya folda ya xl utakuta externalLinks, na humo zimo thamani zilizosomwa mara ya mwisho kutoka faili la zamani. Hili linanitia wasiwasi kuliko yote. Mhasibu akitumia VLOOKUP kuvuta mshahara wa mtu mmoja kutoka jedwali la wafanyakazi wote, jedwali zima linaweza kubaki humo. Akituma muhtasari kwa barua pepe, ametuma na mishahara ya wenzake, ingawa kwenye skrini haionekani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Faili linalotumwa nje ya ofisi lifunguliwe hivi kwanza.

Je, wajua kuwa fomula ya SUMIF inayosoma faili lililofungwa hutoa #VALUE! linki ikisasishwa? SUMPRODUCT haina tatizo hilo.

Na kwa kampuni za utalii: ukikataa kusasisha, Excel huendelea kuonyesha bei ya mwisho iliyoihifadhi. Kiingilio cha hifadhi kikipanda, mgeni anatumiwa bei ya zamani, na tofauti inalipwa na kampuni.