Samaki wa Jumatatu

Zamani ukiagiza samaki Jumatatu usiku katika mgahawa wa New York, huenda ulikuwa unakula mzigo ulioingia jikoni tangu Ijumaa. Siri hiyo ilitobolewa Aprili 1999 na Anthony Bourdain, mpishi mkuu wa Brasserie Les Halles, katika jarida la The New Yorker. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kizima cha maisha ya jikoni, Kitchen Confidential, nacho kikampa umaarufu duniani kote.

Huko Kosele, kituo cha biashara karibu na Oyugis katika kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, suala hilo la Jumatatu lina jibu la zamani. Samaki wa ziwani huharibika upesi pasipo barafu, kwa hiyo ngege, yaani sato, aliyebaki hupasuliwa na kuanikwa juani hadi awe obambla. Omena, yaani dagaa, hukaushwa vivyo hivyo, na nyama ya ng'ombe huwa aliya. Mpishi wa vyakula hivi hawezi kumficha mlaji umri wa samaki: jua limeshauandika juu ya ngozi yake.

Bourdain hakuandika habari za samaki tu. Alianza kazi akiosha vyombo katika mji wa pwani wa Provincetown, na alikiri waziwazi kwamba alikuwa mtumwa wa heroini. Aliwasifu wahamiaji kutoka Mexico na Ecuador waliobeba jiko la Marekani mabegani huku wateja wakila bila kuwajua. Mwaka 2017 alijutia pia jinsi kitabu chake kilivyoutukuza ubabe wa kiume wa jikoni. Alifariki Juni 2018 nchini Ufaransa. Septemba mwaka huo ikaonyeshwa kwenye televisheni safari yake ya Kenya pamoja na mchekeshaji W. Kamau Bell.

Huku kwetu Kosele, hoteli ni mahali pa kula, hata kama hakuna kitanda hata kimoja. Kazi huanza kabla ya mapambazuko: maji ya chai, unga wa mandazi, chapati. Osuga, yaani mnavu, haipikwi kwa haraka. Huchemshwa, maji yake machungu yakamwagwa, kisha ikatiwa maziwa na kuachwa iive taratibu. Wengi huipenda zaidi ikipashwa siku ya pili.

Ugali ndio mtihani wenyewe. Mboga yaweza kusubiri, ugali hausubiri, maana ukipoa hukauka na kuwa mgumu. Saa saba mchana wateja huingia kwa pamoja: bodaboda, walimu, wachuuzi. Mpishi husonga sufuria moja huku akigeuza samaki kwenye karai la mafuta, akikumbuka nani ameagiza wa kukaanga na nani wa mchuzi. Wapishi wa Ufaransa wana jina maalumu la kuandaa kila kiungo mapema, na Bourdain aliuheshimu utaratibu huo karibu kama dini. Nyanya na vitunguu vilivyokatwa tangu asubuhi, vikangoja kwenye bakuli, ni utaratibu uleule.

Kuna chakula kimoja ambacho chenyewe ni kumbukumbu ya historia. Mbuta, yaani sangara, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, na baadaye viwanda vikaanza kupeleka minofu yake ng'ambo. Kichwa na mifupa vilibaki, vikakaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Anayevipika huona kila siku ni sehemu gani ya ziwa lake iliyosafiri.

Sheria ya afya ya Kenya humtaka anayeshughulikia chakula kupimwa na kupata cheti, na cheti hicho hufanywa upya kila miezi sita. Hilo ni jambo jema, kwani humlinda mlaji asipate homa ya matumbo. Lakini moshi wa kuni anaouvuta mpishi mwenyewe, tangu chai ya alfajiri hadi sufuria ya mwisho usiku, haumo katika vipimo hivyo.