Namba Iliyotuhesabu Sote

Wajukuu zangu, sogeeni, na mwenye kalamu aje nayo. Leo hakuna fisi wala sungura. Shujaa wetu ni namba moja: 61,741,120.

Nanyi mmo ndani yake. Tanzania ilihesabu watu wake kwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Makarani wa sensa walipita na vishikwambi vyao mpaka huku kwetu Kemambo, Tarime, wakiuliza nani alilala katika kila nyumba usiku ule. Jumla ya nchi nzima ndiyo hiyo. Mchunga ng'ombe, mchimba dhahabu, bibi kizee, kichanga mgongoni: kila mmoja ni moja, hapungui wala hazidi.

Tazameni kwanza tarakimu nne za mbele: 6174. Kaprekar, mwalimu wa shule kule India, aliigundua siri yake mwaka 1949. Chukueni namba ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote nne sawa. Zipangeni kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kinyume chake, mtoe. Tujaribu na mwaka wenyewe wa sensa, 2022:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Rudieni na 6174 yenyewe, mtapata 6174 tena. Namba yoyote ya namna hiyo hufika hapo kabla ya hatua ya nane. Kwamba sensa yetu imeanza na tarakimu hizo ni bahati tu, lakini ni bahati tamu.

Sasa tuipasue namba nzima. Inaishia na 0, basi 2 na 5 zinaigawa. Jumla ya tarakimu zake ni 22, kwa hiyo 3 inaacha baki. Kwa 7 tunapata 8,820,160 kamili. Endeleeni mpaka zibaki namba tasa tupu: 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Zizidisheni zote, mtawapata tena watu wote wa Tanzania. Hakuna kundi lingine la namba tasa litakalowapa jibu hilo.

Hapa ndipo penye utamu. Tuseme karani angemruka mtoto mmoja wa Kemambo. Tungeandika 61,741,119, na 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingeacha baki! Ile 3 tuliyoikataa sasa ingeingia, kwani jumla ya tarakimu imekuwa 30. Ndivyo zilivyo namba zote mbili zinazofuatana: hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Mtoto mmoja tu akikosekana, vigawo tasa vyote vya taifa vinabadilika.

Haya, kazi yenu. Ongezeni mtu mmoja, iwe 61,741,121, mtafute vigawo vyake. Anzeni na 13.