Nyaraka za Nyumba ya Krupp: Mirathi, Milki na Maandishi Yake

Neno "nyumba" katika Kiswahili lina maana mbili zisizoachana sana: jengo wakaamo watu, na ukoo uliotoka katika shina moja. Msomi aingiaye katika hifadhi ya nyaraka ya jamaa ya Krupp, katika mji wa Essen nchini Ujerumani, atahitaji maana zote mbili kwa pamoja. Kwani karatasi za ukoo huo zimewekwa katika nyumba ya ukoo wenyewe, yaani Villa Hügel, jumba la vyumba 269 lililojengwa kati ya mwaka 1870 na 1873 juu ya kilima kiutazamacho mto Ruhr. Nia yangu ni kueleza nyaraka hizo ni za namna gani, zilikusanywa kwa sababu gani, na zapasa kusomwa kwa hadhari gani. Wenzetu wanaoshughulika na hati na mirathi za pwani yetu huenda wakaona humo mambo ya kulinganisha.

Friedrich Krupp alianzisha kiwanda cha chuma cha pua mwaka 1811, naye alikufa mwaka 1826 akiacha madeni kuliko faida. Mwanawe Alfred, mwenye umri wa miaka 14, aliacha shule akashika kazi pamoja na mama yake mjane. Alipokufa Alfred mwaka 1887, watu wapatao 20,000 walikuwa wakila mshahara wa nyumba hiyo. Utajiri wake ulitoka kwanza katika magurudumu ya gari la moshi yasiyo na kiungo, kisha katika mizinga. Sisi tunao ushahidi wa mizinga hiyo karibu nasi: mzinga wa manowari Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, nao ni wa aina iliyotengenezwa na Krupp.

Alfred alikuwa mtu wa barua. Hakuamini neno la mdomo. Kila agizo alitaka liandikwe, na kila jibu liwekwe. Mwaka 1872 alitoa kanuni kuu ya kiwanda yenye vifungu 72, ikipanga madaraka ya kila mkubwa na wajibu wa kila mdogo, kana kwamba kiwanda ni dola. Katika mwaka 1928 Wilhelm Berdrow alichapisha barua zake katika kitabu kimoja, na wengi hutumia kitabu hicho wakadhani wamemsoma Alfred. Walakini ni barua teule, tena aliyeziteua alikuwa akiitumikia nyumba hiyo hiyo. Mwenye kutaka kumjua Alfred hana budi kurudi kwenye karatasi zenyewe.

Hapo ndipo lilipo shaka la kwanza, nalo ni la mwandiko. Barua hizo zimeandikwa kwa hati ya kale ya Kijerumani, ambayo iliondolewa shuleni kwa amri ya mwaka 1941, hata leo Mjerumani aliyesoma vema aweza kuitazama barua ya babu wa babu yake asitambue hata mstari mmoja. Jambo hili halitakuwa geni kwa yeyote aliyepata kumwona kijana wa pwani akikabidhiwa wasia wa babu yake ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu: lugha ni yake, lakini mlango umefungwa. Tena hati hiyo ya Kijerumani yatuhusu wenyewe, kwa kuwa imo katika majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyohifadhiwa Dar es Salaam. Ajifunzaye kuisoma kwa ajili ya Essen atakuwa amejifunza kusoma historia ya Tanga na Bagamoyo pia.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1905, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya kampuni katika Ujerumani. Haikuanzishwa kwa ajili ya wanachuo. Sherehe ya miaka mia ilikuwa yakaribia, ambayo ilifanywa mwaka 1912 mbele ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na nyumba ilitaka historia yake iwe tayari. Tuwakumbuke hapa Wanabahani wa Pate na habari zao: zimetufikia kwa sababu walikuwapo jamaa waliokuwa na haja ya kuzisimulia, na haja hiyo imeacha alama katika kila ukurasa. Hatuzitupi kwa sababu hiyo, ila twazisoma huku tukijua ni nani asemaye. Nyaraka za Krupp zataka usomaji uo huo.

Hata picha zataka usomaji huo. Alfred aliunda idara ya picha mwaka 1861, wakati ambapo wenye viwanda wachache mno walikuwa wamefikiria jambo kama hilo. Ilipotakiwa picha kubwa ya kiwanda kizima kwa maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, aliagiza ipigwe siku ya Jumapili, kwa kuwa siku za kazi moshi na mvuke vingezidi na hasara ya kusimamisha kazi ingekuwa kubwa, na wafanya kazi kwa mamia wapangwe uwanjani. Picha za namna hiyo, basi, zatuonyesha kiwanda siku ambayo hakikuwa kikifanya kazi.

Karatasi zimegawanywa mafungu mawili makubwa, ya jamaa na ya kiwanda. Mgawanyo huo ni wa watunzaji. Katika maisha haukuwa dhahiri, kwani hadi mwaka 1903 kiwanda kilikuwa mali ya mtu mmoja kama shamba au jahazi. Kwa hiyo tafsiri yataka uangalifu. Yapo mambo matatu ambayo sisi huyapambanua: milki, ambayo ni mali ya mtu aliye hai, mirathi, ambayo ni mali iliyoachwa na marehemu igawanywe, na wakfu, ambayo ni mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe. Mtu akiyatafsiri yote kwa neno "mirathi" amepoteza jambo lenyewe.

Mambo hayo matatu yamo katika nyaraka za Krupp kwa zamu. Friedrich Alfred, mwana wa Alfred, alikufa mwaka 1902 akiacha mjane na binti wawili. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane angepata thumni, binti wangegawana thuluthi mbili, na baki ingekwenda kwa asaba. Nacho kiwanda kingemeguka. Katika nyumba ya Krupp kiwanda kilifanywa kampuni ya hisa, na karibu hisa zote zikawa za binti mkubwa, Bertha, aliyekuwa na miaka 16, mama yake akiishika amana. Bertha alipoolewa mwaka 1906, Kaisari alimpa mumewe, Gustav von Bohlen und Halbach, ruhusa ya kuongeza jina la Krupp juu ya jina lake. Mume alichukua jina la mke, ili nyumba isikose jina.

Mwaka 1943 Hitler alitoa amri maalumu kwa nyumba hii peke yake, kampuni ikarudi kuwa mali ya mtu mmoja, Alfried, mwana wa Bertha, bila kodi ya urithi. Miaka minne baadaye karatasi za kampuni ziligeuka kuwa mashahidi. Katika hukumu ya Nuremberg, iliyoanza Desemba 1947 ikaisha Julai 1948, mahakama ya Wamarekani iliwashitaki Alfried na wenzake 11, na maandishi ya ofisi zao wenyewe yalisomwa mbele yao. Watu 11 kati ya hao 12 walionekana na hatia ya kutumikisha watu kwa nguvu. Alfried alipewa kifungo cha miaka 12 na kunyang'anywa mali yote. Mwaka 1951 alifunguliwa na mali akarudishiwa. Alipokufa mwaka 1967, mwanawe Arndt alikuwa amekwisha kuukana urithi, nayo mali yote ikaingia katika taasisi ambayo, kwa maneno yetu, yaelekea zaidi wakfu kuliko kampuni. Taasisi hiyo ndiyo itunzayo nyaraka leo.

Waliotumikishwa hawakuandika barua zikawekwa Villa Hügel. Wamo humo kwa namna nyingine: katika maombi ya kupelekewa watu, katika hesabu za kambi na za chakula, katika taarifa za karani kwa mkubwa wake. Mtafiti awatakaye asianzie kwenye fungu la jamaa, ambako hatawaona. Aanzie kwenye daftari za kiwanda, asome nambari moja baada ya moja.