Umuvumu wa baba ulivyomaliza ugomvi wa mpaka

KABLA baba hajafariki kule Ulyankulu, Tabora, mwaka 2003, alinieleza lilipo shamba letu Burundi. Hakuwa na karatasi wala ramani. Alisema: “Ukifika Mabanda, panda kilima hadi uuone umuvumu wenye panda. Mlango wa nyumba yangu ulitazama mti huo.”

Yeye alikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa kambini, nikakulia kwenye mashamba ya tumbaku na miti ya miyombo tuliyoikata kukaushia tumbaku hiyo. Umuvumu sikuwahi kuuona. Nilijua tu kuwa ni wa jamii ya mkuyu na kwamba wazee walipiga gome lake wakapata nguo, kama Waganda wanavyofanya na mutuba.

Mwaka 2008 nilirejea kupitia Manyovu nikiwa na mke na watoto watatu. Mabanda wakati huo ilikuwa mkoa wa Makamba. Siku hizi ni mkoa wa Burunga. Nilipanda kilima. Nyumba haikuwapo, hata jiwe la msingi halikuwapo. Mti ulikuwapo. Na chini ya mti alikuwa amekaa mzee mmoja anamenya maharage, akaniuliza namtafuta nani.

Wenzangu abahungutse mnaijua hadithi inayofuata, kwa hiyo sitairefusha. Mzee yule alikuwa amelima pale zaidi ya miaka 30 na watoto wake walizaliwa pale. Abashingantahe waliitwa. Mzee mmoja kati yao alikumbuka kuwa umuvumu ule ulipandwa na baba yangu kwenye kiambaza cha boma, akaonyesha mkono hadi mahali palipokuwa na kisima. Hukumu ikawa kugawana, nusu kwangu na nusu kwa mzee. Tulikubali wote wawili, kila mmoja akiwa na uchungu wake.

Ikabaki kuweka mpaka, nao ulikuwa mrefu, hatua 90 hivi. Vijiti vya kwanza viling’olewa usiku. Mimi nilisema ni watoto wake, yeye akasema ni mbuzi wangu. Vya pili viling’olewa pia. Ndipo wazee wakasema tupande imivumu, kila baada ya hatua nne, na matawi yatoke kwenye mti ule ule wa baba.

Nilifanya kazi hiyo kwa haraka na kwa ujinga. Ilikuwa Julai 2009, kiangazi kikavu. Nilikata matawi membamba kama kidole gumba, nikayachomeka siku ile ile yakiwa bado yanachuruzika utomvu. Vipande 22. Kufikia Septemba vilikuwa vimeshika vitatu tu, na maneno ya mpaka yakaanza upya. Safari hii mzee alisema wazi mbele ya watu kwamba nimepanda miti mifu makusudi ili baadaye nisogeze.

Iliniuma sana. Lakini jioni yake mke wangu alinishauri nimwendee aliyezaliwa na miti hiyo, yaani mzee mwenyewe. Nilikwenda na kibuyu cha pombe ya ndizi.

“Mzee, nifundishe,” nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, hukupanda miti wewe. Ulichoma kuni ardhini.”

Alichonifundisha ndicho ninachokiandika hapa. Ngoja mvua za kwanza, kwetu ni mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Kata tawi lililokomaa, nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mtu mzima. Panga liwe kali, maana tawi lililopasuka huoza. Chini kata mshazari, ndipo utajua upande unaoingia ardhini. Waliopanda kichwa chini ni wengi kuliko wanaokiri. Ondoa majani yote. Kisha lilaze kivulini siku mbili tatu hadi utomvu ukauke kwenye jeraha. Hili ndilo nililolikosa mimi. Halafu chimba shimo linalofika gotini, simamisha tawi, rudisha udongo na ushindilie kwa mguu hadi lisitikisike. Likitikisika kila upepo ukivuma, mizizi michanga inakatika.

Urefu una sababu yake. Tawi refu huchipua juu, mbali na mdomo wa mbuzi. Hata hivyo lizungushie miiba mwaka wa kwanza, kwa kuwa mbuzi hushindwa majani akahamia kwenye gome.

Oktoba 2010 tulipanda vipande 22, safari hii wawili, mzee akishika na mimi nikishindilia. Vilishika 17. Mapengo matano tuliyajaza kwa umurinzi, ule mti wa maua mekundu, ambao nao hupandwa kwa tawi namna hiyo hiyo. Umurinzi una miiba yake, na mizizi yake hurutubisha udongo kama maharage yanavyofanya. Waonyeni watoto tu kuhusu mbegu zake nyekundu. Zinapendeza kwa kutunga shanga, lakini ndani zina sumu.

Mpaka huo haujaguswa tena. Huwezi kung’oa umuvumu usiku mmoja bila kilima kizima kusikia. Ila usiupande karibu na nyumba, mizizi yake haiheshimu msingi.

Baada ya hapo nikapata hamu ya miti mingine, na hapo lazima nieleze jambo lililonipata mpakani. Siku ile ya 2008, pamoja na magodoro na mabati, nilikuwa na miche 40 ya mringaringa niliyoiotesha Ulyankulu kwa mbegu za rafiki. Niliombwa cheti cha afya ya mimea. Sikuwa nacho, wala sikujua kuwa kipo. Miche ilibaki palepale juani, mimi nikaondoka nikilaani. Leo silaani. Magonjwa husafiri kwenye udongo na machipukizi, na aliyepoteza migomba kwa mnyauko anajua ninachosema. Ndugu zangu mnaovusha bidhaa Manyovu na Mugina, kabla ya kubeba mche au mbegu, chukueni cheti kwanza upande mnaotoka. Na gome la umuremera, linalotengenezewa dawa ya tezi dume, msilibebe kienyeji: tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali chini ya mkataba wa CITES.

Kilichonichekesha baadaye ni kwamba niliyalilia maji nikiwa mtoni. Mringaringa upo Burundi. Kwetu ni umuvugangoma, mti uleule unaochongwa ngoma zetu, ambazo UNESCO iliuweka uchezaji wake wa kimila kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mmoja ulikuwa umesimama kwenye kahawa, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu.

Huu hauoteshwi kwa tawi. Subiri matunda yawe ya njano, yaokote, yaloweke usiku kucha, kisha yasugue kwa mchanga hadi ule ute unaonata utoke. Usipousugua, sisimizi watakushukuru wewe. Anika mbegu kivulini, zipande kwenye kitalu cha mchanga, mwagilia, halafu uwe na subira. Mwezi wa kwanza nilidhani zimeoza. Ziliota baada ya wiki sita, na kokwa moja ilitoa miche miwili. Nikaihamishia kwenye viriba nilivyovishona kwa maganda ya mgomba. Sikutaka nailoni, na ganda la mgomba linaingia shimoni pamoja na mche, mizizi haisumbuliwi.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisipande mikaratusi, inakua upesi na inauzika. Ninayo michache kwenye mteremko wa mawe, siwezi kuwa mnafiki. Nguzo na kuni zinatoka huko. Lakini mahindi yangu hayakui chini ya mkaratusi. Chini ya umuvugangoma kahawa inastawi na nyuki wanakuja kwenye maua meupe. Hata mgrevilea, ambao wengi wanaudhani ni wa babu zetu, uliletwa kutoka Australia. Si mbaya, ila mgeni ni mgeni.

Mzee alifariki mwaka 2019. Wanawe waliniita niwe mmoja wa waliochimba kaburi, na walilichagua upande wao, karibu na umurinzi wa tatu.

Mwezi wa kumi mvua zikianza tutakata matawi tena. Mjukuu wake anaoa, amepewa kiwanja, na anataka mpaka wake utoke kwenye mti ule ule wenye panda. Nimemwambia aje mapema, na panga liwe kali.